Kumtunza mzee Columbus, Ohio: bei ya brosha na bei utakayolipa

Muulize meneja wa mauzo wa makazi ya wazee bei, atakutajia moja: ya chumba. Sasa muulize bei ya mama kuogeshwa, bei ya mama kupewa vidonge vyake asubuhi na jioni, bei ya mama kushikwa mkono kutoka kitandani hadi mezani. Hapo ndipo karatasi ya pili inapotoka kwenye droo. Tunayoyapima hapa ni yaliyomo kwenye karatasi hiyo ya pili, pamoja na mashirika ya Columbus na Kaunti ya Franklin yanayoweza kuipunguza.

Tuanze na kipimo cha taifa. Uchunguzi wa gharama wa Genworth na CareScout wa mwaka 2024 uliweka bei ya katikati ya makazi ya usaidizi (assisted living) Marekani nzima kuwa dola 5,900 kwa mwezi. Chumba cha kulala wawili kwenye nyumba ya uuguzi (nursing home) kilifika dola 111,325 kwa mwaka, zaidi ya 9,200 kwa mwezi. Na wengi huambiwa jambo hili wakiwa wameshachelewa: Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo wazee wengi wanayo, hailipi hata senti moja ya chumba wala chakula katika makazi ya usaidizi. Inachogharamia ni uuguzi wa muda mfupi katika nyumba ya uuguzi, tena baada ya kulazwa hospitali siku 3 mfululizo kama mgonjwa rasmi wa kulazwa. Siku 20 za kwanza ni bure. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mzee anachangia dola 217 kwa siku kwa viwango vya 2026. Baada ya hapo, hakuna kitu. Hospitali ikimweka mzee kitandani usiku tatu lakini ikamwandika kuwa "yuko chini ya uangalizi", siku hizo hazihesabiki. Swali la kuuliza kila asubuhi wodini: ameandikwa kulazwa, au uangalizi?

Turudi kwenye ile karatasi ya pili. Nyumba nyingi huuza huduma kwa ngazi. Muuguzi hupitia mambo ya kila siku (kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kula, kuinuka, kunywa dawa), kila jambo lina pointi zake, na pointi zikijumlishwa zinatoa ngazi. Chukua hesabu hii ya mfano, ambayo si ya nyumba yoyote maalumu: chumba dola 4,200, huduma ya ngazi ya pili 950, kusimamiwa dawa 400, pampasi na glovu 160. Jumla 5,710 kwa mwezi, ilhali kwenye brosha uliona 4,200. Mwezi wa kwanza ongeza ada ya kuingilia, tuseme 2,500, ambayo kwa kawaida hairudi hata mzee akihama wiki ya sita.

Mtego uko kwenye tathmini ya pili. Mzee hupimwa kabla ya kuingia, siku ambayo amevaa vizuri, mwanawe yuko pembeni, na kwa heshima yake anajibu kila swali "naweza mwenyewe". Anaingia ngazi ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa wahudumu wanaandika kwamba anahitaji watu wawili kumwinua, na bili inapanda bila chumba kubadilika. Hakuna aliyedanganya, ila familia ilipanga bajeti kwa namba isiyo sahihi. Dawa yake ni kumwambia mtathmini ukweli wa siku mbaya kabisa, siyo ya siku nzuri, kisha kuomba bei za ngazi zote kwa maandishi pamoja na historia ya nyongeza za kila mwaka kwa miaka mitatu iliyopita. Nyumba isiyotaka kuandika nyongeza zake imeshakujibu.

Kuna na sheria ambayo maofisa wa mauzo hawaitaji. Makazi ya usaidizi Ohio yana leseni ya Idara ya Afya ya jimbo kama makazi ya huduma, siyo nyumba ya uuguzi, na kwa kawaida hayaruhusiwi kutoa uuguzi wa kitaalamu zaidi ya siku 120 ndani ya miezi 12. Yapo mambo yasiyobanwa na kikomo hicho, kama kutoa dawa, kubadilisha bandeji, kusimamia mlo maalumu, na mgonjwa aliye chini ya hospisi, yaani huduma ya mwisho wa maisha. Lakini mzee ambaye hali yake imezidi kipimo hicho ataambiwa ahame hata kama amelipa bila kuchelewa miaka minne. Ndiyo maana swali la "atakaa hapa mpaka mwisho?" halijibiwi kwa tabasamu. Uliza: ni hali zipi hasa zilizowahi kufanya wakazi wahamishwe mwaka jana? Akiambiwa ahame, sheria ya jimbo inataka notisi ya maandishi ya siku 30, na ana haki ya kuomba kusikilizwa. Notisi ya mdomo kwenye korido siyo notisi.

Ukienda kukagua, usiende saa nne asubuhi ya Jumanne waliyokupangia. Nenda Jumamosi baada ya chakula cha jioni, bila miadi. Omba ruhusa ubonyeze kitufe cha dharura cha chumbani na uangalie saa yako. Tazama kizingiti cha bafu: mguu unainuka kiasi gani? Shika chuma cha ukutani na ukivute kwa uzito wako, maana vingine vimefungwa kwenye jipsamu tupu. Hesabu wahudumu wa zamu ya usiku kwa macho, usikubali "uwiano" wa kwenye karatasi. Angalia kama nguo zinaandikwa majina. Zisizoandikwa zitavaliwa na jirani. Halafu kaa sebuleni nusu saa. Wahudumu wakipita wanawaita wakazi kwa majina, au wanasukuma viti vya magurudumu kimya?

Kwa familia zetu kuna maswali ambayo orodha za Kiingereza hazina. Mzee aliyejifunza Kiingereza ukubwani, ugonjwa wa kusahau ukimshika, Kiingereza ndicho kinachotangulia kuondoka. Atabaki na Kiswahili, Kizigua, Kibembe au lugha yoyote aliyolelewa nayo, na mhudumu ataandika "hashirikiani" kumbe mzee anaomba maji. Columbus ina bahati hapa: wahudumu wengi wametoka Afrika Mashariki, Kongo na Afrika Magharibi, hasa upande wa Northland na barabara ya Morse. Usiulize "mna Waafrika?" Uliza zamu ipi ina mtu anayesema Kiswahili, na wikiendi je. Uliza kama mama anaweza kuogeshwa na mwanamke kila mara, na iandikwe kwenye mpango wa huduma. Kopo la maji msalani linaruhusiwa? Nyama halali inatoka wapi, au ni kuondolewa nguruwe tu na kuitwa halali? Ugali na sombe unaweza kuleta mwenyewe, lakini mzee mwenye shida ya kumeza anakuwa na agizo la ulaini wa chakula, na chakula cha nyumbani kikikiuka agizo hilo wana haki ya kukikataa mlangoni.

Sasa mashirika. Simu ya kwanza isiende kwa meneja wa mauzo wala kwa tovuti zinazojitangaza kukutafutia nyumba "bure". Hizo hulipwa na nyumba wanazokupeleka, na zisizowalipa hutaonyeshwa. Simu ya kwanza ni kwa Central Ohio Area Agency on Aging, ambayo kila mtu huiita COAAA. Ni shirika la umma linalohudumia kaunti nane, Franklin ikiwa mojawapo. Namba ya jimbo 1-866-243-5678 itakuunganisha na shirika la eneo lako popote Ohio. Mkalimani ni bure: sema "Swahili" kabla ya kueleza chochote, na usimtumie mjukuu wa miaka 12 kutafsiri maswali kuhusu haja kubwa ya bibi yake.

Kwa tathmini yetu COAAA ndiyo sehemu bora ya mfumo huu wote, kwa sababu mtathmini wake hauzi chumba. Kupitia wao mzee anaingia kwenye programu mbili kubwa za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ya kwanza ni PASSPORT, inayoleta huduma nyumbani kwa wenye miaka 60 na zaidi. Ya pili kwenye fomu inaitwa Assisted Living Waiver, na inalipia huduma ndani ya makazi ya usaidizi yaliyosajiliwa nayo, kuanzia umri wa miaka 21. Zote mbili zinataka mzee awe na uhitaji wa kiwango cha nyumba ya uuguzi. Kwa vitendo hiyo ni kama anashikwa mkono katika mambo mawili ya kila siku, au jambo moja pamoja na kupewa dawa, au anahitaji mtu saa 24 kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau.

Waiver hailipi chumba na chakula. Mzee analipa kiasi cha SSI (posho ya shirikisho kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo) ukitoa dola 50 za mfukoni: kwa 2026 SSI ni 994, hivyo 944. Akiwa na pensheni kubwa kuliko hapo, sehemu ya ziada inakwenda kuchangia huduma baada ya makato yanayoruhusiwa. Anapata chumba chake mwenyewe chenye bafu na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Huu ni ununuzi mzuri sana, kama utaupata. Si kila nyumba imesajiliwa, na zilizosajiliwa mara nyingi hutenga vyumba vichache, au hutaka mzee alipe mfukoni kwa mwaka au miwili kwanza. Sharti hilo liandikwe: baada ya miezi mingapi watapokea Waiver, na je, atabaki chumba kile kile? "Tunapokea Medicaid" bila tarehe ni maneno ya mlangoni.

Maombi yenyewe hukwama mahali panapojulikana. Fomu ya kuomba Medicaid ni ODM 07200, inapelekwa Job and Family Services, ofisi ya misaada ya serikali ya kaunti. Watu huijaza, wanakubaliwa, wanapokea kadi, na miezi miwili baadaye wanashangaa hakuna mhudumu aliyekuja. Kadi hiyo ni ya Medicaid ya kawaida. Fomu ya kuomba Waiver ni nyingine, ODM 02399. Pelekeni zote mbili siku moja, pamoja na ODM 06723 inayomruhusu mtoto kuzungumza na ofisi kwa niaba ya mzazi, la sivyo kila simu yako itakatwa kwa heshima. Tunza risiti yenye mhuri wa tarehe.

Mipaka ya fedha kwa mtu asiye na mwenzi: akiba isiyozidi dola 2,000, na mapato yasiyozidi dola 2,982 kwa mwezi mwaka 2026. Akizidisha mapato hafukuzwi. Tangu Agosti 2016 Ohio inamruhusu afungue amana maalumu, Qualified Income Trust, na kupitishia humo ziada. Ni akaunti ya benki yenye hati yake, na kosa linalowaangusha watu ni dogo: ziada lazima iingie kwenye akaunti hiyo ndani ya mwezi ule ule iliyopokelewa. Mtoto akisahau Machi akaweka mara mbili Aprili, Machi haina Medicaid.

Halafu kuna miezi 60. Ofisi hupitia taarifa za benki za miaka mitano nyuma ikitafuta mali iliyotolewa bila malipo ya haki. Hapa familia zetu huumia kuliko wengine, kwa sababu mzee wetu hutoa. Dola 8,000 za kumalizia nyumba ya mdogo wake Bukavu, mchango wa matanga Kisumu, karo ya wajukuu, gari lililoandikwa jina la kijana: kila kimoja kinaweza kuhesabiwa kama mali iliyogawiwa, na jumla yake hugawanywa kwa wastani wa gharama ya mwezi ya nyumba ya uuguzi ili kupata miezi ambayo Medicaid haitalipa. Wengi hujitetea kwa kiwango cha zawadi cha idara ya kodi. Kiwango hicho ni cha kodi, na Medicaid haikitambui. Kiwanja kilichoko Afrika nacho kinatajwa kwenye fomu, hata kama hati iko kwa mjomba. Ukiwa na mambo ya namna hii, lipa saa moja ya mwanasheria wa mambo ya wazee kabla ya kusaini fomu. Na mjue mapema kwamba Ohio hudai fedha zake kwenye mirathi ya aliyepata Medicaid akiwa na miaka 55 na kuendelea, nyumba ikiwemo.

Ukikataliwa, una siku 90 za kuomba kusikilizwa na jimbo. Ukiwa tayari unapata huduma na wanataka kuikata, omba ndani ya siku 15 ili isikatwe wakati shauri linaendelea. Wenye Medicare na Medicaid kwa pamoja katika Kaunti ya Franklin huwa chini ya MyCare Ohio, mpango unaoziweka bima hizo mbili pamoja, ambao Januari 2026 ulianza awamu mpya chini ya kampuni nne za bima: Anthem, Buckeye, CareSource na Molina. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, uliza kama ina mkataba na kampuni ya mzee wako, siyo tu kama imesajiliwa kwa Waiver.

Hadhi ya uhamiaji nayo inaamua mengi. Mzazi aliyeletwa na mwanawe kwa kadi ya kijani kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya Medicaid kamili. Mkimbizi hasubiri, lakini SSI yake ina kikomo cha miaka saba kama hajawa raia. Na sheria ya shirikisho ya Julai 2025 imebadilisha hesabu: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 mkimbizi ambaye bado hana kadi ya kijani anatoka kwenye orodha ya wanaostahili Medicaid inayolipiwa na shirikisho. Akishapata kadi anarudi, bila kusubiri miaka mitano. Kwa hiyo ombi la kadi, linaloruhusiwa mwaka mmoja baada ya kufika, si la kuwekwa kabatini. Kadi ya mkimbizi huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, hivyo uraia unaweza kuombwa mwaka wa tano, na mzee ambaye ugonjwa unamzuia kujifunza ana fomu N-648 ya daktari, ya kuomba asamehewe mtihani wa uraia. Fomu hiyo hukataliwa mara nyingi kwa sababu daktari ameandika jina la ugonjwa bila kueleza unazuiaje mtu kujifunza.

Sasa upande ambao hauna brosha: kubaki nyumbani. Kaunti ya Franklin ina Senior Options, inayoendeshwa na Office on Aging kwa kodi ya mali iliyopigiwa kura na wakazi wenyewe. Namba ni 614-525-6200, umri ni miaka 60. Inatoa mtu wa kusafisha na kuogesha, chakula cha kuletwa, kitufe cha dharura cha shingoni, usafiri wa kwenda kliniki, kituo cha mchana, na mapumziko kwa anayelea. Uzuri wake ni kwamba haikulazimu uwe na umaskini wa Medicaid. Unachangia kulingana na kipato. Udhaifu wake ni saa: ni chache kwa wiki, hazimtoshi mtu asiyeweza kuachwa peke yake. Kwa mzee anayejiweza nusu, hakuna huduma Columbus yenye thamani kubwa zaidi kwa dola moja.

Chakula huletwa na LifeCare Alliance, shirika lililoanza 1898 kama wauguzi wa kutembelea majumbani. Milo yao ni ya Kimarekani. Taja mahitaji ya kidini na ya kisukari siku ya kwanza, siyo baada ya wiki tatu za kutupa. Anayeleta huwa pia jicho: mlango usipofunguliwa, anapiga simu. Kwa usafiri wa walemavu, COTA Mainstream, huduma ya shirika la mabasi la Columbus, inahitaji kuthibitishwa kwanza, kwa hiyo omba kabla hujaihitaji.

Mpangilio tunaoupendelea kuliko mwingine wowote kwa mzee wa kipato kidogo ni fleti ya wazee yenye ruzuku ya serikali, ya miaka 62 na kuendelea, ambako kodi ni asilimia 30 ya kipato, halafu PASSPORT inaletwa humo ndani. National Church Residences, yenye makao yake makuu hapa Columbus, ni miongoni mwa wenye majengo ya aina hiyo. Foleni ni ndefu, basi jiandikishe kwenye majengo kadhaa mwaka mmoja au miwili kabla, na ujibu kila barua. Asiyejibu hutolewa kwenye orodha bila kupigiwa simu. PASSPORT pia mara nyingi inaruhusu mtoto mtu mzima aajiriwe na wakala kumhudumia mzazi wake. Lakini muulizeni mratibu kwanza nani asaini hati ya uwakilishi, maana mwenye hati hiyo anaweza kuzuiwa kulipwa. Familia yenye watoto wawili igawane: mmoja asaini, mwingine alipwe.

Nyumbani panashindwa lini? Mzee anapotoka nje usiku, anapohitaji watu wawili kumwinua, au anayelea anapoanza kuugua yeye. Kabla ya hapo, dola 5,700 za kila mwezi kwa mtu anayehitaji kukumbushwa dawa na kusaidiwa kuoga mara tatu kwa wiki ni kununua basi zima ili kukaa kiti kimoja.

Aliyekwisha kuhamia na mambo yakaharibika ana ombudsman (mtetezi wa wakazi) wa huduma za muda mrefu, 1-800-282-1206. Ni bure, ni siri, na anakwenda mwenyewe kwenye nyumba kuuliza kwa nini kitufe hakijibiwi au bili imepanda. Ni watu wachache mno wanaomtumia, nadhani kwa hofu kwamba mama ataadhibiwa. Kulipiza kisasi kwa mlalamikaji ni kosa kisheria. Dalili za kupigwa au kuibiwa kwa mzee aliyeko nyumbani zinaripotiwa 1-855-644-6277. Mkanganyiko wa mipango ya Medicare, hasa Oktoba hadi Desemba mawakala wanapogonga milango, unapelekwa OSHIIP, washauri wa Medicare wa jimbo, 1-800-686-1578, ambao hawauzi bima. Ukimpigia yeyote kati ya hao, uwe na karatasi moja mkononi: jina kamili la mzee kama lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kuzaliwa (wengi wetu tuna Januari 1, na hapo ndipo mafaili huchanganywa), namba ya Medicaid, na tarehe ya kila simu uliyopiga pamoja na jina la aliyepokea.